Starlet GT ya marehemu baba mdogo iko juu ya matofali mbele ya nyumba na mke amechoka, niendelee nayo au niuze?

SWALI

Kaka mshauri shkamoo, pole na majukumu. Mi nipo Tanga, Chumbageni, nina miaka 34, nimeoa na tuna watoto wawili, mkubwa yupo darasa la pili. Naomba unisaidie manake hapa nyumbani hali sio nzuri na sababu yenyewe ni gari.

Baba yangu mdogo alikuwa na Starlet GT Turbo, ile EP82 ya milango mitatu yenye tundu kwenye boneti, aliagiza mwenyewe toka Japan enzi hizo, na watu wa rika lake hapa mjini wanaijua vizuri, ikipita unasikia ule mluzi wa tabo kabla hujaiona. Mi nimekua naiangalia tu. Baadae ikasumbua, akaipaki uani kwake chini ya mwarobaini, ikakaa miaka mingi mpaka tairi zikaisha. Mwaka juzi akafariki. Baada ya arobaini mama mdogo akaniita akasema wewe ndo unaipenda, ichukue kabla haijaozea hapa. Nikaivuta mpaka kwangu, nikaiweka pale mbele, kwenye sakafu ya saruji kati ya geti na baraza, manake sina gereji wala sehemu nyingine.

Nimeshafungua siti, kapeti, dashibodi, na injini tumeishusha na rafiki yangu fundi, ipo pembeni ya baraza juu ya tairi bovu, tumeifunika turubai. Bodi iko juu ya matofali ya sementi, manne manne kila upande. Kilichonivunja nguvu ni kutu, upande wa miguu ya abiria ukitoa kapeti unaona chini kabisa, na kwenye ule mkanda wa chini ya milango ukibonyeza kwa kidole panaingia.

Sasa kila fundi na lake. Mmoja anasema hiyo injini ya tabo ni kesi, niiuze nifunge 4E ya kawaida ya kabureta ambayo anayo, nitembee. Mwingine anasema injini ipigwe ovahoo kamili bila hata kuipima. Fundi bodi anataka nimpe kwanza hela ya puti na rangi ili gari ipendeze nipate moyo wa kuendelea. Na kuna jamaa wa Dar amepiga simu anataka injini, gia boksi, tabo na boneti tu, ananipa milioni 3 taslimu, bodi nibaki nayo mwenyewe.

Mke wangu anakaanga vitumbua na kuuza chai asubuhi pale barazani, na wateja walikuwa wanakaa hapohapo ilipo gari sasa hivi. Analalamika harufu ya oili, nafasi hamna, na watoto wanaingia chini ya gari kufuata mpira. Amesema masika ikifika asiikute pale. Hajasema kwa ugomvi lakini mi namjua, akisema kwa upole ndo kamaanisha. Kwa mwezi naweza kutenga kama laki 3, zaidi ya hapo ntakuwa nagusa ada.

Afu juzi mtoto mkubwa wa marehemu kapiga toka Dar, akasema "hiyo gari ya baba ukimaliza kutengeneza tutaongea". Sikumuelewa vizuri anamaanisha nini.

Kaka nifanyeje, niendelee, nifunge injini ya kawaida, au nimpe huyu jamaa wa Dar yaishe?

Mpenda Starlet, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako yote na jibu langu kwa kifupi ni kwamba usiuze chochote, usifunge injini ya kabureta, na usimpe fundi bodi hata shilingi mpaka umalize mambo mawili, moja la leo na moja la wiki hii. Baada ya hapo gari inawezekana kabisa, hata kwa laki 3 kwa mwezi, ila kwa mpangilio tofauti na huu ulioanza nao.

La leo ni matofali. Yaani ukimaliza kusoma hapa uende ukafanye hili kwanza. Tofali la sementi linabeba ukuta kwa sababu uzito umesambaa juu yake lote, ila ukiliwekea ukingo wa bodi ya gari sehemu moja nyembamba linaweza kukatika ghafla bila kutoa dalili, na yale yenye matundu ndo hatari zaidi. Starlet hiyo nzima haifiki kilo 900 na sasa haina injini, lakini kilichobaki kinatosha kabisa kuua mtoto, na umeniandikia mwenyewe kwamba watoto wanaingia chini kufuata mpira. Tafuta stendi nne za chuma, zile za miguu mitatu au minne zenye pini, za kubeba tani 2 au 3, azima kwa fundi kama huna hela ya kununua. Ziweke pale ambapo bodi ina chuma kizima, na kwa kutu uliyoisema usiamini sehemu za jeki za chini ya milango, tafuta kule mbele inaposhikia fremu ndogo ya injini na nyuma inaposhikia ekseli, gongagonga na nyundo ndogo kwanza usikie kama panalia chuma au panalia bati bovu. Kama stendi hazipatikani leo, rudisha matairi hata kama ni mabovu, ishushe chini, weka kabari. Na mpaka hapo zungushia kamba, watoto waambiwe kwa herufi kubwa kwamba mpira ukiingia chini ya gari anaitwa baba.

La wiki hii ni ile simu ya ndugu yako, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu nimeona watu wengi wanaumia hapa, tena wenye nia njema kabisa. Mama mdogo amekupa gari kwa mapenzi, sawa, lakini gari ikiwa bado iko kwa jina la marehemu ni mali ya mirathi, na mwenye mamlaka ya kuitoa kwa mtu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mama mdogo peke yake, kwa mdomo, hawezi kukuhamishia. Ndugu yako aliposema "ukimaliza kutengeneza tutaongea" mi naelewa kwamba yeye anaihesabu ni gari ya baba yao inayotengenezwa Tanga, na wala simuoni kama ana roho mbaya, ana haki ya kuuliza. Shida ni kwamba wewe utakuwa umemwaga hela ya mwaka mzima kwenye kitu ambacho mwisho wa siku wanaweza kusema kiuzwe, kigawanywe.

Kwa hiyo usiongee naye kwa simu peke yenu. Nenda kwa mama mdogo na zawadi yako mkononi kama mtoto, muulize msimamizi alishateuliwa au bado. Kama bado, familia ikae kikao, waandike muhtasari, wachukue na cheti cha kifo, waende mahakamani, kwa familia nyingi inakuwa Mahakama ya Mwanzo, wateue mtu. Kama yupo tayari, yeye ndo akuandikie mkataba, kwamba amekuuzia kwa kiasi fulani au warithi wote wameridhia kukupa, wasaini, shahidi awepo. Toa hata kiasi kidogo cha hela, mi ningekushauri hivyo, kwa sababu kitu ulichonunua kwa warithi ni rahisi zaidi kukitetea kuliko ulichopewa na mmoja wao. Bei iwe ya gari ilivyo sasa, imekatika sakafu na injini iko nje, piga picha leo ziwe na tarehe. Baada ya hapo ndo mnaenda TRA kubadilisha umiliki, na hapo hapo uangalie kama ina madeni ya zamani au faini za trafiki. Kadi ya gari kama haijulikani ilipo, aitafute mama mdogo kabla haijaja masika, karatasi za marehemu huwa zinakaa kwenye begi moja kabatini na kila mwaka zinapungua.

Wakikataa? Basi unawarudishia gari yao na vipande vyote, na utakuwa umepoteza nguvu tu. Ndo maana nasema kabla ya hili kuisha usinunue hata boliti, ukiacha hizo stendi.

Sasa tuje kwenye gari yenyewe, nikuambie kwa nini sitaki umpe jamaa wa Dar. Hiyo EP82 GT ilitoka mwishoni mwa 1989 na ikatengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 90, kabla ya kuja Starlet Glanza mwaka 1996. Injini yake 4E-FTE ni sisi 1331 tu, valvu 16, kamshafti mbili juu, na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inayoitwa CT9, inatoa farasi 135 kwenye karatasi za Toyota. Chukua farasi 135 uweke kwenye gari nyepesi hivyo, ndo unapata kile ulichokuwa unakisikia utotoni. Wazungu waliipenda aina hii ya gari ndogo yenye mbio toka Golf GTI ya 1976, Wajapani wakaja na za kwao, na hiyo ni mojawapo ya nzuri kabisa walizotengeneza kwa udogo huo. Anachokitaka jamaa, yaani injini, gia boksi, tabo na boneti, ndicho kinachoifanya iitwe GT. Akiondoka navyo unabaki na bodi ya Starlet yenye kutu, ambayo hata wa chuma chakavu atakupimia kwa kilo. Yeye anajua anachonunua, hiyo milioni 3 ni ya kwake nzuri, ya kwako sio.

Na huyu fundi wa 4E ya kabureta, sisemi ni mtu mbaya, anakupa njia anayoijua. Lakini hiyo njia sio nyepesi kama anavyoifanya ionekane. GT ina pampu ya petroli ya umeme ndani ya tangi inayosukuma kwa presha kubwa kwenda kwenye nozeli, ile ya kabureta inavuta kwa pampu ndogo ya injini yenyewe. Ukiunganisha hivi viwili kienyeji, ama petroli inafurika kwenye kabureta au unaanza kukata mipira ya petroli na kubana na waya, kwenye gari ambayo utambeba mkeo na watoto. Waya za kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, zinabaki zinaning'inia, dashibodi haisomi, na siku ukitaka kurudisha ya tabo huna pa kuanzia. Hapana.

Habari ya ovahoo bila kupima nayo iache. Injini iliyolala muda mrefu mara nyingi inaonekana imekufa wakati imelala tu. Kwanza iondoe juu ya tairi na uivue hilo turubai, kwa joto na unyevu wa Tanga turubai inafungia jasho ndani na kutu inaingia kwenye silinda huku we unadhani umeihifadhi. Iweke juu ya mbao mahali penye hewa, ziba matundu yote, ya ekzosi, ya hewa, ya maji, kwa vitambaa safi, sio karatasi. Toa plagi nne, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, iache siku mbili tatu, halafu shika boliti ya mbele ya krenki kwa spana ndefu uizungushe taratibu kwa mkono. Usilazimishe. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugota umepata habari njema sana. Vua sampu ya oili chini uangalie, kama hakuna unga wa chuma unaong'aa na fundi akifungua beringi moja ya konrodi akaiona iko safi, hiyo injini haihitaji ovahoo, inahitaji sili za krenki, gasketi za juu na chini, pampu ya maji, beringi ya kukaza belti, na taimingi belti mpya. Belti usijadili hata kidogo, Toyota wameiwekea kilomita laki moja lakini mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki.

Tabo iangalie kwa mkono. Toa mpira wa hewa, shika ile nati ya katikati ya feni. Ikicheza kidogo sana kushoto kulia ni kawaida, ila ukiivuta na kuisukuma mbele nyuma ikasogea, imechoka, na kama mapanga yamekula ukuta ndo kabisa. Ikiwa nzima, basi kazi yako kubwa ni bomba lake la oili, lile jembamba la chuma, huwa linaziba na oili iliyoungua, lisafishe mpaka upulize hewa ipite bila kipingamizi au ununue lingine. Tabo nyingi zinazosemwa ni mbovu zilikufa kwa sababu ya hilo bomba. Na maji, tafadhali, weka kulanti, sio maji ya bomba wala ya kisima. Hedi ya hiyo injini ni alumini na bloku ni chuma, maji yetu ya pwani yanaila alumini taratibu mpaka siku unasikia gasketi ya hedi imeondoka.

Lakini haya ya injini ni ya baadae, nimeyasema ili ujue kwamba sio pa kuogopa. Pa kuogopa ni bodi. Hizi gari hazina chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser, bodi yenyewe ndo chasisi, kwa hiyo sakafu ikitoboka na ule mkanda wa chini ya milango ukaoza, gari imepoteza uti wa mgongo, siku ukigongwa ubavuni ndo utajua. Fundi bodi anayetaka kukupakia puti juu ya kutu anakuuzia picha. Puti haibebi chochote, na ile ya kawaida inanyonya unyevu, kwa hewa ya bahari ya hapo Tanga rangi itaanza kuvimba mapovu kabla hujamaliza kumlipa. Kinachotakiwa ni kukata chuma kilichooza chote mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu la ngumi linageuka tundu la sinia, halafu kuchomelea bati jipya la unene uleule, ndani na nje, kwa mashine ya waya wa gesi, sio ile ya vijiti ya kuchomelea mageti, manake ile inatoboa bati jembamba na kuunguza pembeni. Kabla hajawasha mashine betri isiwepo, na kontroli boksi iwe imechomolewa na kutolewa kabisa kwenye gari, pamoja na tangi la petroli lishushwe na lipelekwe mbali. Hilo la tangi simamia mwenyewe kwa macho yako. Petroli ya humo ndani imeshaharibika, ila mvuke wake bado unalipuka.

Kagua na sehemu ambazo hujaniandikia: chini ya betri, pale shokapu za mbele zinaposhikia juu, ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya kapeti ya buti penye tairi ya spea, na zaidi ya zote pale ekseli ya nyuma inapofungwa kwenye bodi. Tumia bisibisi, choma. Kama pale mbele kwenye shokapu na nyuma kwenye ekseli pamelika sana, yaani bisibisi inazama kila upande, hapo ndo ningekwambia utafute bodi nyingine ya EP82 ya kawaida ya milango mitatu iliyo nzima, uhamishie vitu vya GT, na hiyo ni habari nyingine ya karatasi. Ila sakafu na mkanda wa chini peke yake ni kazi ya fundi mzuri, sio msiba.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi, praima ya kawaida sio rangi. Inapitisha maji. Ukichomelea, ukapaka praima ya kijivu ukaiacha nje miezi mitatu ukisubiri hela ya rangi, umande wa kila asubuhi unaingia na kutu inaanza upya chini yake. Tumia ile ya epoksi ya kuchanganya na hadina, paka silanti kwenye kila kiungo, na ndani ya mkanda na milango upulize nta ya kuzuia kutu au mafuta mazito. Oili chafu wanayopaka chini ya magari hapa kwetu sitaki uiweke, inalegeza bushi na mipira yote, na huko chini ndo utakuwa umetoka kununua bushi mpya.

Sasa laki 3 kwa mwezi na deadline ya shemeji yangu. Kwanza niseme yuko sahihi. Pale ndo ofisi yake, vitumbua vinaingiza hela kila asubuhi na gari haijaingiza kitu. Kaa naye jioni moja watoto wakishalala, usimuombe avumilie, mpe mpango wenye tarehe. Mwambie kabla ya masika gari itakuwa imesimama kwenye magurudumu yake na inasukumika, kwa hiyo itasogea pembeni kabisa ya uzio na wateja watarudi pao. Injini ihamie nyuma ya nyumba wiki hii, sakafu ioshwe kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka harufu ya oili iishe, na vipande vidogo vyote viingie kwenye ndoo zenye mifuniko, kila mfuko wa boliti na jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, "dashibodi kushoto", "siti ya dereva", na picha kwenye simu za kila waya kabla ya kuigusa. Na hiyo laki 3, ajue ni laki 3, akiona mwezi wenye ada hujatoa hata mia kwenye gari ataamini mwenyewe bila kuombwa.

Kuanzia hapo mpangilio ndo huu, na usiuruke. Karatasi zikikaa sawa, mwezi wa kwanza na wa pili ni wa bodi, Januari na Februari kaskazi inavuma kukavu na jua kali, ndo wakati mzuri kwa Tanga kuchomelea na kupaka epoksi ikakauka vizuri. Usianze sasa na mvua za vuli. Kwa laki 3 hutamaliza bodi yote, sawa, ichomelewe sakafu na mkanda, ifungwe epoksi, rangi ya nje subiri hata mwaka. Na siku ya rangi usiipigie hapo nyumbani, rangi za hadina zina kemikali inayoharibu mapafu na barakoa ya kitambaa haizuii chochote, na nyumba yako ina jiko la biashara mlangoni, peleka kwenye chumba cha rangi.

Ikishakuwa nzima chini, inafuata breki na magurudumu, kabla ya injini, hapa mafundi watakucheka ila shikilia. Breki zilizokaa miaka zinaganda pistoni na mafuta yake yamenyonya maji. Badilisha mipira ya kalipa na ya masta silinda, mabomba ya chuma yaliyokula kutu, mipira ya breki yote minne, mimina DOT 3 mpya, toa upepo. Bolijointi, bushi na tairi. Tairi usiweke mitumba, kwa gari yenye mbio hivyo nakuomba. Gari ikisimama na kusukumika na ikishika breki, hata hela ikikata miezi sita haujakwama, hujaziba njia ya mtu, na kama shida ikikubana ukalazimika kuuza unauza gari nzima, sio mafungu. Wengi wanaanza na injini kwa sababu ndo inasisimua, halafu wanakuwa na injini nzuri iliyokaa kwenye bodi isiyoweza kusogea hatua moja.

Injini mwisho. Siku ya kuwasha, weka oili mpya na filta, toa fyuzi ya EFI na plagi, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndo tabo imepata oili. Rudisha plagi na fyuzi, petroli mpya kwenye tangi lililosafishwa, washa, iache inguruma taratibu, usiikanyage. Ikiwasha taa ya check engine usikimbilie kununua kontroli boksi, fungua kile kiboksi cheusi cha plastiki kwenye injini kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kustati, uhesabu taa inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo sawasawa haina tatizo, ikikonyeza mbili, ikapumzika, mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji, kitu cha bei ndogo. Hizo gari zilikuja na swichi ya kuchagua presha ndogo au kubwa ya tabo, kama yako ipo iache kwenye ndogo kwa muda mrefu tu, na kabla ya kuzima baada ya safari iache inguruma dakika moja au mbili ili tabo ipoe na oili inazunguka.

Spea za tabo na injini zinapatikana kwa tabu kuliko za Starlet ya kawaida, ila milango, vioo, bushi nyingi utavipata, Dar pale Gerezani na Shauri Moyo wapo wenye mitumba ya Japan. Nenda na kile cha zamani mkononi mlinganishe hapohapo, usiagize kwa simu kwa maelezo, na basi la Tanga litakubebea ukishamjua muuzaji mmoja wa kuaminika.

Huyo jamaa wa Dar mjibu kwa ustaarabu kwamba gari bado ni ya mirathi haiuzwi, maneno ya kweli hayo na yatamtosha. Halafu nitumie picha nne, sakafu upande wa abiria, mkanda wa chini pande zote, pale shokapu za mbele zinaposhikia, na ekseli ya nyuma inapofungwa, piga karibu na bisibisi iwe kwenye picha nione ukubwa wa tundu. Nikiziona ntakwambia kama ni kazi ya kuchomelea au ya kutafuta bodi, kabla hujamlipa mtu yeyote.